Bakuli la Mahameni

Mama mkwe wangu alitengwa na Meza ya Bwana, na aliyemshtaki ni mimi. Naanza na hilo ili msomaji asije akanionea huruma mapema. Nilikuwa binti wa mwinjilisti, nimelelewa Mnazi, kule tambarare, ambako jua likiwaka unamwona mbuzi wa jirani akiwa mbali mpaka unachoka kumtazama. Baba alitufundisha kunusa tambiko popote lilipojificha, awe ni kuku mweusi aliyefungwa mguu au unga uliomwagwa njia panda. Kwa hiyo nilipoolewa milimani, upande wa Mgwashi, nilipanda na sanduku la nguo, kitabu cha nyimbo na pua hiyo.

Kilichonitisha kwanza ni ukungu. Kwetu ukungu ni kitu cha hadithi. Kule ulikuwa unashuka saa nane mchana, watu wakiwa kazini, ukameza migomba, ukameza njia, ukammeza hata mtu uliyekuwa unaongea naye. Sauti tu ndiyo inabaki. Mtu anakohoa karibu na sikio lako, ukinyoosha mkono hayupo, kumbe yuko ng'ambo ya bonde. Wenyeji walikuwa wanaendelea kulima wakisengenyana humo humo kama hakuna kilichotokea. Mimi nilikuwa nasimama nimeshika jembe, nasubiri dunia irudi.

Mwaka nilioolewa, watu walikuwa wamemaliza kuhamishwa. Serikali ilitaka tukae pamoja kando ya barabara, kijiji cha ujamaa, shule na zahanati vije karibu. Wakayaacha makazi yao ya juu, kwenye mgongo wa mlima. Waling'oa milango wakashuka nayo mabegani, maana mlango mzuri wa mbao si kitu cha kuachia mchwa. Huko juu zikabaki nyumba zisizo na milango, migomba iliyokosa wa kuipalilia, na makaburi. Mahali palipohamwa namna hiyo panaitwa mahame, na sikumwona mtu aliyependa kupita mahameni peke yake. Shamba la kijiji lilikuwa chini kidogo ya hapo.

Mume wangu alifanya kazi kiwanda cha chai, akija nyumbani Jumamosi jioni na kuondoka Jumapili. Siku nyingine zote tulikuwa wanawake wawili, mimi na mama yake. Baba mkwe alikuwa amekwisha kufa. Mama alikuwa mrefu, mchache wa maneno, na akicheka alicheka kwa pua. Alikuwa na desturi ya wazee wa kule ya kutomaliza chai. Anakunywa, anabakiza mafunda mawili matatu, halafu anamsogezea kikombe aliye mdogo kwake. Kubakiziwa na mkwe ni kupendwa. Mwezi wa kwanza alimaliza chai yake yote mbele ya macho yangu. Siku aliponibakizia kwa mara ya kwanza nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa furaha, mjinga mimi.

Juu ya meko kulikuwa na uchaga wa kukaushia kuni, na juu ya uchaga kulikuwa na bakuli la bati, jeupe, lenye ukingo wa bluu. Siku moja nililishusha nikapakua humo maharage. Mama aliliona, akainuka bila neno, akawamwagia kuku yale maharage, akalisugua bakuli kwa majivu na maji ya moto mara tatu, akalirudisha juu.

"Hilo lina mwenyewe, mwanangu," alisema.

"Nani, mama?"

"Mwenyewe."

Kila Jumatano na Jumamosi alikuwa anapanda mahameni na kikapu. Aliniambia anakwenda kuchimba magimbi kwenye shamba lake la zamani, na kweli alirudi na magimbi. Lakini alipopanda, kikapu kilikuwa kizito. Aliporudi, bakuli la ukingo wa bluu lilikuwa juu ya magimbi, tupu, limelambwa safi. Nikaanza kuhesabu vipande vya boga chunguni kabla ya yeye kuondoka na baada ya yeye kuondoka. Mtu akitaka kuona shetani, haoni kitu kingine.

Kisha ikaja siku ya sauti. Jumanne zote wanawake tulilima shamba la kijiji kwa mstari, tukiimba. Kule watu wanaimba nyimbo za kanisani kwa sauti nne bila kuangalia kitabu, huku wanapiga jembe. Siku hiyo ukungu ulishuka mapema. Mama mkwe alikuwa ameishika sauti ya kwanza, tukamfuata. Tulipofika ubeti wa pili nikasikia sauti ya pili ikijaa, nzuri, iliyokwaruza kidogo, na nikafurahi kwamba hatimaye kuna mtu anayeiweza. Halafu nikagundua kwamba haitoki kwenye mstari wetu. Ilikuwa inatoka juu, mahameni.

Wanawake wakanyamaza mmoja mmoja. Majembe yakasimama. Jirani yangu akajitemea mate kifuani. Mama mkwe peke yake hakuacha. Aliendelea kupiga jembe na kuimba sauti ya kwanza, na huko juu ndani ya ukungu yule mwingine akaimba ya pili, wakaenda pamoja mpaka mwisho wa wimbo. Nywele zilinisimama mpaka nikahisi kilemba kinainuka.

"Usitazame huko," jirani aliniambia. Tulipokuwa tunashuka akanieleza yote, kwa kunong'ona. Huyo alikuwa mwanamke wa pale pale kijijini, mwimbaji wa sauti ya pili, na kwa miaka mingi alikaa benchi moja na mama mkwe wangu. Aliugua, akapelekwa mbali. Kaka zake walikwenda kumtazama wakarudi na habari kwamba amekufa na amezikwa huko huko. Mkubwa wao ndiye yule mzee wa kanisa anayepiga kengele. Watu walikaa matanga, wakalia, wakanyoa nywele.

"Na mtu akishaliliwa amekwenda," alisema. "Harudi. Akirudi, si yeye."

Halafu akanitazama kwa jicho la pembeni, la kuonea raha. "Hujaambiwa bado alikuwa nani kwenu? Ndiye aliyemchukua baba mkwe wako. Mzee alihamia kwake kabisa, akamwacha mama yenu na watoto, akafia huko."

Nilipanga mambo haraka kichwani, kama mtu anayepanga kuni. Mfu aliyemchukua mume. Bakuli lenye mwenyewe. Chakula kinachopanda na kutorudi. Mama mkwe anamlisha mzimu ili usimdhuru. Jumatano iliyofuata nilimwacha atangulie, nikamfuata.

Ukungu ulikuwa mzito mpaka nilifuata harufu ya makande badala ya mgongo wake. Nilipita nyumba tatu zisizo na milango. Sijui kwa nini nyumba isiyo na mlango inatisha kuliko iliyobomoka, lakini ndivyo ilivyo. Inaonekana kama inangojea kusema. Kutoka ya nne moshi ulikuwa unatoka, ukiingia moja kwa moja kwenye ukungu, usiweze kutofautisha kipi ni kipi. Hiyo ya nne ilikuwa nyumba ya mama mkwe mwenyewe, aliyohamishwa. Nilijificha nyuma ya mgomba.

Mama aliweka bakuli juu ya mafiga matatu mbele ya kizingiti. Akarudi nyuma hatua kama saba. Akasema kwa Kishambaa, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemsalimu jirani, "Onga mshi." Akageuka, akaketi chini, akaipa nyumba mgongo.

Baba alikuwa ametueleza hivyo hivyo. Anayetambika huweka chakula, hugeuka, haangalii nyuma, kwa sababu wafu hawapendi kutazamwa wakila. Washambaa huita fika. Nilikuwa naiangalia fika kwa macho yangu, na anayeifanya ni mwanamke aliyenibakizia chai asubuhi ile.

Kisha kitu kikatoka mlangoni. Kilikuwa chini, hakikufika urefu wa kiuno. Kilikuwa kimefunikwa gunia na majani makavu ya mgomba, kikitambaa kwa viwiko na magoti, na majani yalikuwa yanasema shwa, shwa, shwa kwenye udongo. Kikainua kichwa mbele ya bakuli. Sikuona uso. Niliona mahali ambapo uso ulipaswa kuwa. Nikakimbia mteremko mzima, nikaanguka mara mbili, na kiatu kimoja kiko huko mpaka leo.

Sikumuuliza mama chochote. Laiti ningemuuliza. Nilikwenda kwa wazee wa kanisa.

Walimwita Jumapili baada ya ibada, kwenye chumba kidogo nyuma ya madhabahu. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kama shahidi, nimevaa khanga mpya. Mpiga kengele ndiye aliyeuliza.

"Mama, unapeleka chakula mahameni?"

"Napeleka."

"Unampelekea nani?"

"Anayekula."

"Aliye hai au aliyekufa?"

Mama alimtazama usoni. "Nyinyi ndio mnaojua nani amekufa," alisema. "Nyinyi ndio mlioleta habari. Mimi siku ile sikulia."

Wazee wengine walidhani amekiri. Mpiga kengele aliufunika msalaba wake wa kifuani kwa kiganja, akasema shauri limekwisha. Mama alitengwa na Meza ya Bwana mpaka atubu, akakatazwa kupanda mahameni, na akapewa nafasi yake kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango, wanapokaa waliotengwa. Alisema, "Asante, wazee wangu," akatoka. Pale mlangoni alinipita bila kunitazama. Jioni ile alikunywa chai yake mpaka tone la mwisho, akakigeuza kikombe kifudifudi mezani.

Hakuacha kupanda, bila shaka. Alikuwa anapita njia ya msituni, ndefu, yenye matope, ili asionekane. Mvua za masika zikamkuta huko. Aliporudi Jumamosi moja alikuwa anatetemeka, na kufika Jumapili alikuwa hawezi kuinuka. Mganga wa zahanati alisema mapafu, akampa sindano, akasema asitoke kitandani. Alilala siku tatu akiweweseka. Siku ya nne, saa nne asubuhi, alifumbua macho akaniita.

"Leo siku gani?"

"Jumatano, mama."

Akafumba macho. Niliona machozi yanashuka kuelekea masikioni, na sikuwahi kumwona akilia.

"Nisikilize," alisema. "Niliapa nisiseme, sasa nasema, Mungu ataniona. Kule juu yuko mtu. Ni mtu, mwanangu, si mzimu. Ana ukoma. Alitoroka kwenye kambi ya wagonjwa akitaka kufia kwao. Kaka zake wakamwambia, tulishakulilia, rudi ulikotoka. Tulipohamishwa akaingia nyumbani kwangu. Nilimkuta nilipokwenda kuchimba magimbi." Akacheka kwa pua, kicheko kikageuka kikohozi. "Mume alichukua, akaona haitoshi, akachukua na nyumba."

"Mama, kwa nini yeye? Kwa nini wewe?"

"Kwani nani mwingine alikuwa anajua kwamba ana njaa?" Akanishika mkono. "Amekula mara ya mwisho Jumamosi. Njia ya juu wewe ndiye uliyenifungia. Basi sasa ni yako."

Nilipika makande. Nitasema ukweli: nilitamani yule wa juu afe kabla sijafika. Niliona aibu hata nilipokuwa natamani, na bado nilitamani. Ukungu ulinikuta chini ya mlima. Nilipita nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne haikuwa na moshi. Alikuwa anawasha moto wakati wa ukungu tu, moshi usionekane bondeni, na siku hiyo ukungu ulikuwepo na moto haukuwepo.

Niliweka bakuli chini mbele ya kizingiti, nikarudi nyuma hatua saba, nikasema, "Onga mshi." Nikageuka nikaketi, nikaipa nyumba mgongo.

Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu. Mbega walikuwa wanaunguruma msituni. Halafu nikasikia shwa, shwa, ikija polepole, ikisimama, ikija tena.

"Wewe si yeye," sauti ilisema nyuma yangu. "Yeye anakanyaga taratibu. Wewe unakanyaga kama mtu wa tambarare."

Shikamoo ilinitoka yenyewe, kwa woga. Akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Kisha akauliza, "Mwenzangu amekufa?"

"Hapana, mama mdogo. Anaumwa. Anapata nafuu." Sijui ilikuwaje nikamwita mama mdogo. Ndivyo anavyoitwa mwanamke wa pili wa baba, na neno lilikuja kabla sijalichunguza.

Alishusha pumzi ndefu. "Nimemlilia tangu jana," alisema. "Nimejipaka majivu. Mlipokuwa mnalima niliimba sauti ya pili, nikingoja ya kwanza, haikuja."

Kisha nikasikia bati likigonga jiwe. Likagonga tena. Likaburuzika. Nikasikia pumzi za mtu anayejitahidi, na kitu kikamwagika. Ndipo nilipoyakumbuka yale mafiga matatu. Mama mkwe hakuwa anaweka bakuli juu ya mafiga kwa ajili ya mizimu. Aliliweka pale lifikie kinywa cha mtu asiye na vidole. Mimi nilikuwa nimeliweka chini kwenye matope.

Nikageuka.

Sitaueleza uso wake. Aliuficha miaka mingi, na mimi si wa kuutoa nje. Nitasema kwamba macho yalikuwa mazima, na kwamba alinyanyua viwiko kuyafunika, akasema, "Usinitazame mwanangu, utashindwa kula." Hiyo ndiyo sababu mama alikuwa anampa mgongo. Ilikuwa adabu.

Nilimlisha kwa vidole vyangu, tonge kwa tonge, yale ambayo hayakugusa matope. Alikula taratibu kwa haya, kama mgeni, akiwa na njaa ya siku nne. Nikawasha moto, nikachota maji, nikalisugua bakuli kwa majivu. Niliposhuka nilipitia kijito, nikapiga magoti, nikasugua vidole kwa mchanga mpaka vikatoka damu. Halafu nikavisugua tena.

"Amekula?" mama aliuliza nilipoingia.

"Amekula."

Saa kumi nilimpa chai. Alikunywa nusu, akanisogezea kikombe.

Nilipanda majuma mengi baada ya hapo, maana mama alipoinuka hakuwa na pumzi za kutosha mlima. Nilikuwa naongea nikiwa nimempa mgongo, na mdomo wangu haujawahi kujua breki. Nilimweleza habari za kijiji, bei ya kabichi sokoni Soni, mume wangu, na siku moja nikamweleza kwamba mama ametengwa na Meza, kwamba ni kwa ajili ya chakula hiki, na kwamba mimi ndiye niliyemshtaki. Nilisikia ameacha kutafuna.

"Angewaambia tu," nilisema.

"Aliapa," alisema. "Mimi ndiye niliyemwapisha. Nilimwambia wakijua nipo watanibeba kunirudisha, au watanichomea humu ndani." Nikasikia bakuli likisukumwa. "Meza inaandaliwa lini?"

"Mchungaji anakuja Jumapili hii."

Jumapili hiyo kanisa lilijaa. Mchungaji alikuwa anakuja mara chache, na watu walikuwa wanamngoja kwa njaa ya Chakula cha Bwana. Mama mkwe alikaa benchi lake la nyuma. Mimi nilikaa mbele na akina mama, safi, nisiyetengwa. Ukungu ulikuwa umekuja mpaka mlangoni na kuingia kidogo, ukakaa sakafuni. Mpiga kengele alikuwa amesimama karibu na madhabahu, maana siku hiyo zamu ya kushika kikombe ilikuwa yake.

Tulianza wimbo wa kukaribia Meza. Mama mkwe, ingawa haruhusiwi kukaribia, alikuwa anaruhusiwa kuimba, na aliimba sauti ya kwanza. Katika ubeti wa pili, sauti ya pili ikaja kutoka nje.

Akina mama wakanyamaza kama walivyonyamaza shambani. Mtoto akaanza kulia. Niliendelea kuimba, vibaya, sauti yoyote iliyonijia, ili tusiwe tumemwacha. Tukabaki watatu, mmoja nyuma, mmoja mbele, mmoja ndani ya ukungu. Na sauti ilikuwa inakaribia, na chini yake nilikuwa nasikia shwa, shwa, shwa. Njia ile mtu mzima wa miguu anaishuka kwa saa moja. Baadaye alituambia kwamba alianza kushuka jana yake.

Alisimama, kama naweza kusema alisimama, kwenye kizingiti. Watu wa mabenchi ya nyuma walirukia ukutani. Wengine waliruka nje kwa madirisha. Mama mkwe hakukimbia. Alisogea kwenye benchi, akaacha nafasi.

"Wewe ni nani?" Mchungaji aliuliza. Alikuwa kijana, mgeni kwetu, na sauti ilimtetemeka, lakini aliuliza.

"Baba Mchungaji, mimi ndiye mzimu anayelishwa," alisema. "Huyu mama mmemwadhibu kwa ajili yangu. Nimekuja kumtolea ushahidi. Sikufa. Walinililia mapema."

Hakuna aliyemtazama yeye tena. Kanisa zima, au nusu iliyobaki, lilimgeukia mpiga kengele. Alikuwa na kikombe mkononi na divai ilikuwa inacheza ndani yake. Akakiweka juu ya madhabahu kwa uangalifu mkubwa, asimwage, akatoka kwa mlango wa pembeni. Hakuwahi kupiga kengele tena.

Mchungaji alikichukua kikombe na mkate, akaja mpaka mlangoni. Akamwekea mama mdogo mkate kinywani, akamnywesha. Akamgeukia mama mkwe, akamwambia kwa sauti ya kusikika, "Mama, kanisa limekukosea." Mama akajibu, "Nipe kikombe hicho hicho, baba, kabla hakijapoa." Akanywa. Halafu Mchungaji akanyanyua macho kuona nani anafuata, na hapakuwa na mtu anayefuata.

Nikaenda mimi. Watu wa kule mpaka leo wanasimulia kwamba mkwe mtu wa Mnazi ndiye aliyefuata, na baada yake wengine wakaja, kumi na kitu. Nimewahi kusifiwa kwa hilo hadharani, nikanyamaza.

Mama mdogo aliishi nyumbani kwetu. Mwuguzi alikuwa anamletea vidonge, ugonjwa ukasimama pale ulipokuwa umefika, na alikaa jikoni na mama mkwe, wakiimba, wakigombana kuhusu marehemu mume wao kama vile bado yuko nje anakata kuni. Alipofariki, mama mkwe alikaa matanga, akanyoa nywele. Alisema sasa ndiyo analia, mara ile hawakumwambia ukweli.

Lakini kuna jambo la siku ile ya Meza ambalo sijalisema popote. Mchungaji aliponiletea kikombe, nilikishika ukingo kwa kidole, nikakizungusha kidogo. Nusu mzunguko tu. Nikanywa upande wa pili. Nilidhani hakuna aliyeona. Nilipoinua uso, yale macho mazima yalikuwa yananitazama, kisha yakaangalia chini, kwa adabu.

Hakuniambia neno, siku ile wala baadaye. Alipohamia kwetu akawa mama yangu na yeye, na kwa desturi ya kule alinibakizia chai kila jioni. Alikuwa anakishika kikombe kwa viganja vyake viwili vilivyobaki, akanywa, akaacha mafunda mawili matatu. Na kila mara, kabla hajanisogezea, alikizungusha nusu mzunguko, upande ambao hakuugusa unielekee mimi.